Kutoka Radio Peking hadi king'amuzi: Mchina anapata nini kwenye habari zetu?

Kalamu Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa Sauti ya Amerika (VOA) kuna mdau aliandika, "sasa uwanja umebaki wa Mchina." Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora nishushe uzi wangu. Wote tunajua ilivyokuwa: tarehe 15 Machi 2025 wafanyakazi wa VOA waliambiwa wakae nyumbani, na Idhaa ya Kiswahili iliyokuwa hewani tangu 1962 ikanyamaza ghafla kama redio iliyoishiwa betri. Wengi wakaruka moja kwa moja: Mchina kashinda.

Mimi ni mtu wa dawati la habari za kimataifa. Nimekaa kwenye dawati hilo miaka 14, magazeti mawili ya hapa Dar, ambayo sitayataja kwa sababu moja bado linanilipa. Nitakachosema ni kile nilichokiona kwenye kiti hicho.

Kwanza kumbukumbu. Mchina hajaingia jana. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961. Tanganyika tukapata uhuru 9 Desemba. Yaani walikuwa wanatusalimia kwa Kiswahili miezi mitatu kabla hatujapandisha bendera. Redio ileile ndiyo ikaja kuitwa Radio China Kimataifa, na tangu 2018 imemezwa pamoja na televisheni ya CCTV ndani ya shirika moja, CMG. Nairobi wakafunguliwa FM ya 91.9 mwaka 2006, wakaletewa CCTV Africa Januari 2012, ambayo mwisho wa 2016 ikabadilishwa jina kuwa CGTN. Taasisi ya Confucius, ya kufundishia Kichina, ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni ya 2005, ya kwanza Afrika. Ya Mlimani ni ya 2013. Hayo mnayajua, napita haraka.

Tuje kwa Doudou. Aliyekuwa na TV mwaka 2011 anamkumbuka. TBC walirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, "Doudou na Mama Wakwe Zake". Binti wa Beijing anaolewa, anakuta mume ana mama wawili, mzazi na wa kambo, kwa hiyo wakwe wawili, kila mmoja na vituko vyake. Mama yangu mzazi, ambaye China kwake ni mahali zinapotoka thermos, alikuwa anaacha maharage yanaungua jikoni. Hakuwa anatazama China. Alikuwa anamtazama wifi yake. Machi 2013 Xi Jinping, safari yake ya kwanza nje akiwa rais, Urusi kisha Tanzania, alisimama kwenye ule ukumbi wa Mwalimu Nyerere pale Dar, uliojengwa kwa msaada wao, akamtaja Doudou kwenye hotuba. Rais wa nchi ya watu zaidi ya bilioni moja anataja tamthilia ya mama mkwe! Hapo ujue mtu amefanya hesabu.

Lakini mkidhani Doudou ndiyo silaha yenyewe, mnaangalia pasipo. Nitawaonyesha ilipo.

Saa tatu na robo usiku. Ukurasa wa 11, habari za dunia. Tangazo lililotakiwa kukaa nusu ukurasa limeondolewa dakika za mwisho, mteja hajalipa. Una shimo la maneno 600. Saa nne kamili ukurasa uwe umekwenda mitamboni. Reuters? Usajili uliisha, mhasibu "analishughulikia" tangu Februari. AFP? Vivyo hivyo. Kwenye barua pepe ya dawati kuna habari za Xinhua, shirika la habari la serikali ya China, safi, zimehaririwa, na picha za kuchapika, hakuna ankara. Unachukua, unatafsiri, unaziba shimo, unawahi daladala ya mwisho. Hakuna aliyekupigia simu. Hakuna bahasha. Hakuna balozi aliyekutisha.

Ukifanya hivyo mara tatu kwa wiki, miaka mitano, hata kalamu yako inabadilika. Nilijikuta naandika "ushirikiano wa kunufaishana" kwenye habari ya mnada wa korosho. Mhariri wangu, mzee mmoja mkali wa lugha, akazungushia duara jekundu akaandika pembeni: "Hii umeitoa wapi?" Sikuwa na jibu.

Na habari zenyewe si za uongo, hili nalisisitiza. Reli iliyotajwa ipo, daktari aliyetajwa yupo. Tatizo ni ile ambayo haikutumwa. Machi 2020, enzi za korona, tuliletewa habari za misaada ya tajiri wa Kichina Jack Ma, barakoa 100,000 kwa kila nchi ya Afrika kupitia Addis Ababa. Kweli tupu, tukaandika. Aprili, wiki chache baadaye, Waafrika wa Guangzhou, kusini mwa China, wanatolewa kwenye nyumba walizopanga, hoteli zinawakataa, wanalala barabarani na mabegi. Kwenye kikapu chetu cha habari za bure sikuona hata mstari. Tulijua kwa sababu kaka wa mhudumu wetu wa ofisi alikuwa kule, akatuma video WhatsApp. Tulibishana nusu saa kama tuichapishe, maana "hakuna shirika lililothibitisha". Shirika pekee tulilokuwa nalo lilikuwa ni la nani? Baadaye mabalozi wa Afrika Beijing wakaandika barua ya malalamiko kwa serikali ya China, ndipo wakubwa wakapata ujasiri.

Ndiyo hoja yangu. Mchina hahitaji utazame taarifa yake ya habari. Anahitaji tu uwe na shimo ukurasa wa 11.

Naendelea hapo chini, ngoja nichaji simu.

---

Mwana wa Ubungo

Nimekaa siti ya mbele, mkuu. Ila swali: BBC wametangaza Kiswahili tangu 1957, Wajerumani (DW) tangu 1963, Wamarekani hao. Walipokuwa wanatulisha wao miaka 60 hakuna aliyefungua uzi. Mchina katoa habari za bure ndiyo imekuwa kesi? Beberu mbona humgusi?

---

Kalamu Butu

Mkuu, namgusa. Hao wote wanalipwa na serikali zao, na wote walikuja na lao. BBC Kiswahili ilianza tukiwa bado chini ya Mwingereza, haikuletwa kwa huruma. Na semina za Wazungu nimehudhuria, nimekula samosa zao.

Tofauti naiona kwenye jambo moja. Nikichapisha habari ya DW inayomponda waziri wa Ujerumani, inatoka DW yenyewe. Nitafutie ya Xinhua inayomponda waziri wa China ambaye bado yuko kazini. Mimi natafuta tangu nianze kazi.

Halafu kuna suala la hisa. Afrika Kusini 2013 kampuni ya magazeti ya Independent Media iliuzwa, na wawekezaji wa Kichina wenye uhusiano na serikali yao wakachukua asilimia 20. Septemba 2018 mwandishi wa safu kwenye magazeti hayo, Azad Essa, akaandika makala kuhusu Wauyghur, Waislamu wa jimbo la Xinjiang kule China. Safu yake ikafutwa. Asilimia 20 tu, wakuu, si 51.

---

Nairobi Mtaa wa Tatu

Niaje wadau. Sisi huku kwetu hiyo story ya signal ndio ilituuma kuliko gazeti. Mnakumbuka Februari 2015? Citizen, NTV, KTN na QTV zilizimwa zaidi ya wiki mbili. Vita ilikuwa ya digitali. Leseni ya kusambaza mawimbi ilipewa Signet ya serikali na PANG, kampuni ya Wachina, tangu 2011. Wenye stesheni wakasema hatuwezi kubebwa na mtu mwingine kwa mitambo yake, sisi tumejenga yetu. Wakaenda mpaka Mahakama ya Juu. Wakanyimwa, zikazimwa. Nyumba nzima ilikuwa giza, mamangu akawa anasikiliza redio kama miaka ya Moi.

Na CGTN ya Nairobi, sijui kama kuna mtu anaitazama kwa hiari. Mimi huiona kwa mapokezi ya hoteli, sauti imezimwa. Lakini ilichukua watangazaji wetu wa maana, kina Beatrice Marshall kutoka KTN, na walilipwa vizuri, hilo siwezi kuwaonea wivu.

Pia tuseme ukweli, serikali zetu si vibaraka kama mnavyofikiria. Septemba 2018 polisi waliingia ofisi za CGTN hapa Nairobi kusaka wageni wasio na vibali, wakashika wanahabari Wachina, ubalozi ukaja juu, wakaachiliwa siku hiyohiyo. Mwaka uleule gazeti la Standard lilikuwa limefichua vile wafanyakazi Wakenya walitendewa kwa SGR. Pesa ya reli ilikuwa ya benki ya Exim ya China na bado story ilitoka ukurasa wa mbele.

---

Mpemba wa Mtoni

Assalaam aleikum. Mie nna lile la zamani. Baba'ngu Allah amrehemu alikuwa msikilizaji wa Peking tangu miaka ya sitini, enzi za mawimbi mafupi, unaning'iniza waya juu ya mwembe. Alikuwa akiwaandikia barua. Wanamjibu! Kalenda, majarida ya picha kwa Kiswahili, kijitabu chekundu cha Mao kwa Kiswahili, na bahasha ya kurudishia majibu ya chemshabongo. BBC, alikuwa akisema, hawajapata kumjibu hata mara moja. Kalenda ya mwisho ilikaa ukutani miaka kumi baada ya mwaka wake kwisha, kwa sababu ya picha ya ule ukuta.

Na madaktari wa Kichina wako Unguja tangu 1964. Nlipasuliwa mie kidole tumbo na mmoja pale Mnazi Mmoja, hajui Kiswahili ila "pole" na "vuta pumzi". Hayo mambo ya propaganda sawa, lakini mtu aliyekutoa kidole tumbo huwezi kumwona adui.

---

Kalamu Butu

Sheikh, hilo la barua ni kubwa kuliko unavyodhani. Kumjibu msikilizaji! Vyombo vyetu wenyewe hatumjibu mtu.

Nairobi, kuhusu nani anaitazama: Dani Madrid-Morales na Herman Wasserman, watafiti wa vyombo vya habari, waliwahi kukaa na wanafunzi wa vyuo Kenya na Afrika Kusini wakawauliza kuhusu vyombo vya Kichina. Wengi hawavitazami, na waliovijua waliviwekea shaka tangu mwanzo. Kwa hiyo ukipima ushawishi kwa watazamaji, Mchina amepoteza hela. Ndiyo maana nasema angalieni bomba, siyo maji.

Kwetu bomba lilipita hivi. StarTimes, kampuni ya Kichina ya TV ya kulipia, na TBC walianzisha kampuni ya pamoja, Star Media, Wachina asilimia 65, TBC 35. Usiku wa 31 Desemba 2012 Dar ikazimwa analojia. Kesho yake kama huna king'amuzi, TV yako ni meza ya kuwekea maua. Ving'amuzi vilikuwa vya StarTimes, Ting na Continental, mnakumbuka foleni. Zambia, jirani zetu wa reli, walikwenda mbali zaidi: kampuni ya TopStar, StarTimes 60, ZNBC, shirika lao la utangazaji la taifa, 40, kwa mkopo wa dola milioni 273 kutoka Exim ya China. 2018 kukavuma kwamba Wachina wameichukua ZNBC yenyewe, serikali ikakanusha. Uvumi haukuwa na ukweli, lakini ulipata pa kusimama, maana asilimia 60 kila mtu aliziona. Ghana wao waliuvunja mkataba wao na StarTimes wakampa kazi mzawa, K-NET.

---

Fundi Dishi

Wakuu mimi sina elimu ya hayo mambo ila nimepanda paa nyingi. Niliwahi kuchukuliwa kibarua kwenye ule mradi wa Wachina wa kufunga TV za dishi vijiji elfu kumi vya Afrika, ule uliotangazwa Johannesburg 2015. Kijiji kimoja Kanda ya Kati. Mpango wao ulikuwa uleule kila kijiji: nyumba 20 zinafungiwa dishi na king'amuzi bure, halafu sehemu za umma, kama shule au zahanati, zinapata projekta mbili za sola na TV moja ya inchi 32.

Siku ya kuwasha kijiji kizima kilikuja. Watoto juu ya miembe. Tukawasha projekta kwenye ukuta wa darasa, ikatokea tamthilia ya Kichina, Kiswahili safi kabisa, bibi mmoja akasema "huyu mzungu anaongea kama mtu wa Tanga". Wakacheka mpaka basi. Baada ya robo saa mzee mmoja akanyanyua mkono, akauliza kwa adabu zote: "Mwanangu, Simba na Yanga ziko namba ngapi?"

Nikamwambia hizo ziko kwa Azam. Mzee akakaa kimya kidogo. Akasema, "Basi asanteni kwa taa." Maana ile sola ilikuwa na balbu pia.

Nilipopita tena mwaka uliofuata TV ilikuwa ofisi ya mtendaji, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Funguo za ofisi alikuwa nazo mtu aliyekwenda msibani.

---

Mwana wa Ubungo

😂😂😂 "Asanteni kwa taa." Fundi umeua uzi.

---

Dada wa Sauti

Naomba niseme kitu kama mtu aliyekaa kwenye kibanda cha kutia sauti. Sitataja wapi.

Yale mashindano ya kutia sauti ya StarTimes yalianza Dar 2016, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Kwa waigizaji wa hapa ile ilikuwa ajira ya kweli: mkataba, mshahara, nyumba. Hapa kwetu unaigiza filamu nzima unalipwa nauli na chipsi. Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya kutumika.

Ila kazi yenyewe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Unapewa maneno yaliyopita kwenye Kiingereza kabla ya kufika kwako. Mama mkwe wa Kichina anamwambia mkwewe maneno makali, Kiingereza kimeyalainisha, wewe unatakiwa uyarudishe makali bila kumtukana mtu kwenye TV ya saa mbili usiku. Na mdomo wa Mchina unafunga mapema, Kiswahili chetu kirefu. "Ninakupenda" inabaki nje ya mdomo kama mguu uliozidi shuka. Tukawa tunasema "nakupenda", mara nyingine "nakupe'" unameza mwisho.

Na mnajua aliyewapiku kwenye biashara hii? Waturuki. Zilipokuja tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili, za masultani na vilemba, mtaa mzima ulihama. Hakukuwa na rais aliyehutubia kuzihusu.

---

Nairobi Mtaa wa Tatu

Na kabla ya hao wote kulikuwa na vibanda vya video. Kung fu za Hong Kong, shilingi tano mlangoni, DJ Afro akizitafsiri anavyotaka mwenyewe. Serikali ya China haikutoa hata senti na kila kijana wa Eastlands alijua kupiga teke la Bruce Lee.

---

Mtu wa Guangzhou

Nimesoma kimya ila hapo kwa 2020 nimeshindwa kunyamaza. Nilikuwepo. Nachukua mzigo kule tangu 2011, viatu na mabegi, nauza Kariakoo. Siku ile mwenye nyumba alikuja na watu wawili wamevaa meupe, kodi nimelipa, karatasi ya vipimo ninayo, akasema tu "toka". Usiku wa kwanza nililala chini ya daraja na Mnigeria mmoja na mwanafunzi wa Uganda. Kwa haki niseme pia: mama mmoja Mchina, muuza tambi, alitupa maji ya moto na akatuachia tuchaji simu kwa waya wake wa dukani. Simu hizo ndizo zilizotuma zile video.

Kinachonishangaza, Kariakoo nzima kuna watu wanaojua Kichina cha sokoni, wanajua soko la Yiwu kule China kuliko Kigamboni, wanajua bei ya kontena asubuhi na jioni. Hakuna gazeti lililowahi kuja kutuuliza China ikoje. Mnaiuliza Xinhua.

---

Kalamu Butu

Mkuu, pole sana, na hilo la mwisho limenipiga kwenye mfupa. Ni kweli. Nchi tunayoagiza bidhaa nyingi kuliko nyingine yoyote, na sijui gazeti la Kiswahili lenye mwandishi wake anayekaa Beijing au Guangzhou. Hatujaporwa ukurasa wa 11. Tuliuacha wazi, mtu akaweka kiti.

Naomba namba yako kwenye ujumbe wa faragha. Kesho nina kikao cha asubuhi.

---

Mwanafunzi wa Mlimani

Shikamooni wakubwa. Samahani kuingilia. Nasoma uandishi mwaka wa tatu, na nimesoma Kichina miaka miwili Confucius hapahapa chuoni, kwenye lile jengo la maktaba mpya. Kuna mpango wa waandishi kwenda kukaa Beijing miezi kadhaa, wenzetu wa magazeti wanakwenda tangu 2014. Nikimaliza chuo nataka kuomba. Baada ya kusoma uzi huu sijui kama niombe au niache. Kalamu, wewe uliwahi kwenda?

---

Kalamu Butu

Marahaba. Nilikwenda safari fupi, siku kumi na mbili. Tulipanda treni ya kasi, tukaonyeshwa kiwanda cha simu, kijiji kilichotoka kwenye umaskini na shamba la chai. Mkalimani wetu, kijana Mchina aliyejipa jina la Juma, alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko cha mpigapicha wetu. Kila siku jioni tulikuwa na nafasi ya maswali, na majibu yalikuja marefu. Nilikuwa na tabia ya kuandika swali upande wa kushoto wa daftari na jibu kulia. Niliporudi nikakuta kushoto kuna maswali saba ambayo kulia kwake nimeandika tu "chai imeletwa".

Omba, mdogo wangu. Wewe una Kichina, mimi sikuwa nacho. Nilimtegemea Juma kwa kila kitu mpaka kujua choo kilipo. Jumapili ambayo hakuna ratiba, panda basi la mji, kaa na muuza tambi. Daftari gawa kurasa kama nilivyokwambia. Na koti zito nunua Karume kabla hujaondoka, la mitumba, lile la Ulaya lenye manyoya ndani, usisubiri kununua kule. Februari ya Beijing haina mzaha.

---

Mtu wa Guangzhou

Karume kibanda cha tatu ukitokea msikitini, mwambie nimekutuma mimi. Asikuuzie zaidi ya elfu thelathini.